"NIRUDIE?" Yule dada wa jana usiku anirudishie machozi yangu

Wakuu, simtaji. Wote mnamjua, na nikimtaja nitakuwa nimempa kiki anayoitafuta. Ni yule wa kope. Akipepesa, pazia linatikisika.

Jana nimekaa zangu kwenye kochi, mtu mzima na mvi zangu, naangalia kile kipindi chao cha "maisha halisi". Wiki ya tisa hii sijakosa. Dada wa watu kakaa kwenye kile kiti chao cha kutolea ya moyoni, anamzungumzia marehemu mama yake. Sauti inakatika. Machozi yanashuka moja moja, kwa foleni, hakuna linalomsukuma mwenzake. Koo likanikaba. Nikasema ni vumbi. Vumbi likazidi. Wakuu, nililia. Msiba wa baba mkwe sikulia hivyo, na pale watu walikuwa wananitegea waone.

Akamaliza. Akajipangusa kwa ncha ya kidole, taratibu, asiharibu rangi ya shavu. Akageuza shingo kumtazama mtu aliyekuwa pembeni ya kamera, na kwa sauti kavu kabisa ya karani wa dirishani akauliza:

"Nirudie?"

NIRUDIE!!!

Sekunde mbili hazifiki, kisha wakakata. Sijui mhariri alisinzia au ana kisasi naye.

Tena mimi si mtu wa kununa ovyo. Wiki ya nne walipomwagiana maji, glasi ilikuwa imejaa, ikawa nusu, ikajaa tena bila mtu kuigusa. Nilinyamaza. Wiki ya sita "wamegombana usiku wa manane" na kivuli dirishani ni cha saa nane mchana. Nilinyamaza. Lakini marehemu mama? Nirudie? Kwani anamzika mara ngapi?

Na hapo bado sijafika kwenye kidonda. Mpwa wangu, miaka 16, alikuwa pembeni na simu yake. Hakuinua hata kichwa. "Mjomba, kwani ulidhani analia kweli?" Halafu akanipiga picha.

Povu ruksa.

Kisiki Kikavu: Nimekaa pale. Ngoja waje wenye vumbi wenzako.

Shangazi wa Zamu: Wiki tisa?! Kazi unafanya saa ngapi mleta mada?

Mkaa Pembeni: Mpwa atuwekee hiyo picha ndipo tujadili.

Mleta mada: Picha haihusiani na mada. Mada ni NIRUDIE.

Fundi Mchundo: Mkuu pole, lakini hilo ni dogo. Nimekaa chumba cha uhariri miaka kadhaa (si cha kipindi hicho, msinifuate inbox). Kile kiti unachokililia hurekodiwa baadaye, pengine siku nyingi baada ya tukio. Mshiriki anavalishwa nguo zilezile, anapangwa nywele vilevile, anaulizwa maswali mpaka aseme kinachohitajika. Asiposema, anasemeshwa: unachukua neno la Jumatatu na neno la Alhamisi, unayashona, unaficha mshono kwa kuonyesha sura ya mtu mwingine anayesikiliza. Wahariri wa Marekani wana jina lake, frankenbite, kwa sababu ya lile zimwi la Frankenstein lililoungwa kwa vipande vya maiti. Ukisikia mtu anaongea huku mdomo wake huuoni, shika akili yako. Na ule uso wa kushtuka uliokutoa jasho, huenda alikuwa anamwangalia mtu anayeleta chakula.

Kisiki Kikavu: Fundi umetuharibia maisha bure. Mbaki na ufundi wenu.

Mleta mada: Hashtuki, anauliza NIRUDIE! Mdomo niliuona! Ulikuwa wake!

Babu Rimoti: Vijana mnadhani haya yameanza jana. 1973 televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha familia moja iliyofuatwa na kamera miezi saba. Mama akamwambia mumewe ahame nyumbani, nchi nzima inatazama. Baadaye hiyohiyo familia ikalalamika kwamba wahariri wamewapotosha. 1992 kituo cha MTV wakaweka vijana saba wasiojuana kwenye nyumba moja New York, na 1999 Waholanzi wakaja na ile nyumba ya kamera kila kona. Hoja yangu ni moja: hamsini na ushee inaenda, mleta mada ndiyo kwanza amegundua jana.

Mkaa Pembeni: Babu kamaliza 😂😂

Mwanasheria Mtazamaji: Nadai fidia kwa niaba ya mleta mada. Ila kuna tatizo. Marekani, miaka ya 1950, iligundulika washiriki wa vipindi vya chemsha bongo walikuwa wanapewa majibu mapema. 1960 sheria ikarekebishwa, kuchakachua shindano la namna hiyo ikawa kosa. Kuchakachua machozi haimo. Kesi yako imeanguka mlangoni.

Mtoto wa Juzi: Naomba niwasemee wenye umri wa mpwa. Wakubwa shikamooni. Sisi HATUAMINI. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Tuko watu arobaini kwenye grupu, kila mmoja anabashiri: hili bifu limepangwa au limewaponyoka? Anayeigiza vibaya tunamkata kipande cha sekunde tano, tunamzungusha mpaka alfajiri. Hiyo "Nirudie?" tangu usiku ni mlio wa simu yangu. Mwalimu ametupa kazi, tumemjibu "Nirudie?" Tamthilia unajua mwisho umeandikwa. Hapa kuna wakati mmoja katika wiki nzima mtu anasahau kuigiza, na sisi wote tunasubiri wakati huo. Mjomba kaupata, badala ya kufurahi analia mara ya pili.

Mleta mada: Kwa hiyo mlinitazama nalia wiki zote hizo mnajua?

Mtoto wa Juzi: Marahaba kwanza.

Shangazi wa Zamu: Hawaamini wapi! Binti yangu nikimwambia aoshe vyombo, anaingia chumbani, anakaa kwenye ndoo aliyoigeuza, anaiambia simu: "Kusema ukweli, mama ana nguvu mbaya, na mimi sikuja humu kutafuta marafiki." Amezaliwa humu! Juzi nimemnyima hela ya kusuka akatoka mezani kwa kishindo, akarudi mlangoni kuchungulia kama nimeshtuka. Mleta mada wewe umelizwa mara moja. Mimi naishi ndani ya kipindi, na chakula napika mimi.

Mama Ndoo: Shangazi, wangu yuko kwenye beseni. Afadhali wako ndoo.

Kisiki Kikavu: Mke wangu kaninunia siku tatu kisa nimesema yule mshiriki mwingine (wa kucheka kama birika) ana haki. Hatujui, hatujawahi kumwona, hatatuona. Nalala ukutani.

Mkaa Pembeni: Huyo wa birika ni wa kweli lakini.

Fundi Mchundo: Hakuna wa kweli. Mkataba wanaosaini unaruhusu waonyeshwe vyovyote vile.

Ngumi Jiwe: Mnalalamikia machozi? Mimi nina miaka 31 ndipo shemeji akaniambia MIELEKA ni maigizo. Mbele ya watoto wangu. Nimelala na mkanda wa karatasi kiunoni utoto mzima.

Kisiki Kikavu: Weee! Mieleka si maigizo. Mtu anadondoka mita tatu, anaigiza mgongo?

Babu Rimoti: 1989 waendeshaji wenyewe wa mieleka ya Marekani walikiri mbele ya Seneti ya New Jersey kwamba ni burudani, ili wasisimamiwe kama mchezo. Wamekiri, wewe unawakatalia.

Ngumi Jiwe: Walilazimishwa.

Mama Ndoo: Na damu?

Fundi Mchundo: Damu mara nyingi ni ya kweli, anajichanja mwenyewe kwa kiwembe kidogo alichokificha. Kinachopangwa ni mshindi.

Ngumi Jiwe: Kwa hiyo damu ya kweli, maumivu ya kweli, uongo uko wapi hapo?

Mleta mada: Wakuu, tulikuwa kwenye NIRUDIE.

Shangazi wa Zamu: Ngoja kwanza kaka. Refa naye? Refa haoni kweli au anajua?

Fundi Mchundo: Refa ndiye anayepeleka maagizo. Ana kifaa sikioni.

Ngumi Jiwe: Naomba nipumzike kidogo.

MSIMAMIZI: Uzi huu umehamishiwa Jukwaa la Michezo.

Mleta mada: Michezo???

Mkaa Pembeni: Mpwa bado hajaleta picha.

Kisiki Kikavu: Lile kiti la chuma wanalopigana nalo kwenye mieleka lakini lilikuwa la kweli. Nililisikia.