Rumba ilitufanya Wakongomani, au ilituziba mdomo?

Juzi tulikuwa kwenye kilio hapa Kamalondo, komini ya Lubumbashi. Usiku ulipopoa bwana mmoja akawasha simu, rumba ya zamani ikaanza, na sisi sote tukaimba ubeti baada ya ubeti. Binti wa marehemu, mtoto wa miaka kumi hivi, akaniuliza: "Baba mkubwa, wanasema nini?" Nikamgeukia huyu, nikamgeukia yule. Wimbo tunaujua kama Baba Yetu, lakini maana ya Kilingala kile, lugha ya Kinshasa, hakuna aliyeweza kuitoa.

Ndiyo maana naleta swali hili. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, ya nchi zote mbili, kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nasi hapa Lubumbashi tukashangilia. Tulishangilia kitu chetu, au cha Kinshasa?

Mimi nasema ni chetu nusu. Wimbo hauunganishi watu kwa kuimbwa tu. Mwanzoni mwa 1960, viongozi wakiwa Brussels kwenye Meza ya Duara kujadili uhuru na Wabelgiji, mwimbaji Kabasele na bendi yake African Jazz walitoa "Indépendance Cha Cha". Humo wametajwa Lumumba, Kasavubu, Kalonji, na Tshombe wetu wa huku Katanga pia, kama ndugu waliokaa sinia moja. Redio ikaupeleka kila kona. Haikupita hata miezi sita kamili tangu mkutano uanze, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga ni nchi yake peke yake. Katanga hiyo nayo ikataka wimbo wa taifa, akautunga Joseph Kiwele, fundi wa muziki wa kanisani aliyekuwa pia waziri wa elimu. Kwa hiyo mwaka ule muziki ulijenga taifa na muziki ukalibomoa, na tangu hapo ukisifu mno muziki wa Katanga kuna mtu atakuuliza kama unataka kujitenga tena. Mimi sitaki kujitenga. Nataka kusikia gitaa la kwetu kwenye redio ya kwetu.

Jibu, kutoka Katuba, hapa hapa Lubumbashi

Mdogo wangu, umesema vizuri ila umechanganya mambo mawili. Rumba hakuna aliyetulazimisha. Sahani za Franco, nyota wa rumba, tulinunua kwa franga zetu, siku ya mshahara, na mama yako alicheza. Kilicholazimishwa ni ile animasyo ya wakati wa Mobutu: shuleni unaimba chama, kazini unaimba chama, mgeni akija uwanja wa ndege unapangwa juani unakata kiuno. Ile haikutufanya Wazaire, ilitufanya wachezaji. 1997 Mobutu alipoondoka, wimbo wa taifa wa Zaire ukaondoka naye, "Debout Congolais" ukarudi. Nao uko kwa lugha gani? Kifaransa! Si Kilingala, si Kiswahili, si Tshiluba, si Kikongo, lugha nne ambazo katiba inaziita za taifa. Kama unatafuta wimbo ambao watoto wanaimba bila kuelewa, anzia pale, rumba uiache itulie.

Jibu, kutoka Bukavu

Kaka wa Lubumbashi, shikamoo, lakini sikubaliani nawe. Nyinyi mko mbali na mpaka wetu. Huku nikivuka Rusizi, Kiswahili changu hakinitambulishi kuwa Mkongomani, maana hata ng'ambo wapo wanaokisema. Simu za vijana wetu zimejaa muziki wa Tanzania. Ukisema wimbo wa Kiswahili ndio wetu zaidi, basi sisi wa Kivu ni Watanzania tangu zamani! Rumba ikipigwa kwenye harusi, hata tusipoielewa neno kwa neno, hapo ndipo tunajua tuko nyumbani. Katika vita hivi vya miaka, wakati kila mtu anatuambia sisi ni watu wa huku au wa kule, hilo si jambo dogo.

Mwenye swali anarudi

Dada wa Bukavu, hapo umenishika. (Huo muziki wa Tanzania wenyewe wanauita Bongo Fleva, kwetu Lubumbashi bongo ni uwongo, lakini tuyaache.) Nafuta maneno yangu ya "nusu". Rumba ni yetu nzima.

Na mukubwa wa Katuba, kuhusu wimbo wa taifa sina jibu, umeshinda.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyerekodi muziki wa Afrika, alimkuta kijana mpiga gitaa kule Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinacheza juu, unadhani magitaa ni mawili. Aliimba Kiswahili, nyimbo zake zikapigwa Nairobi, wazungu wakaandika vitabu kuhusu vidole vyake. Alikufa 1990 kwa ajali ya gari. Yupo pia Losta Abelo, na Edouard Masengo aliyetoka na kundi la JECOKE. Na karindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, bado inapigwa mitaani kwetu. Huyo Mkinshasa anayetaka tuijue rumba yake, yeye anamjua nani kati ya hawa? Taifa gani upande mmoja unaimba na mwingine unaitikia tu?

Jumamosi nilimwekea mwanangu Masengo, sauti juu, dirisha wazi. Jirani akachungulia: "Huo muziki mzuri, ni wa Kenya?"

Nikamwambia ndiyo, wa Kenya. Hii ya hapa, yenye soko. JECOKE walikuwa vijana wachekeshaji wa komini ya Kenya, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Akanitazama kama namtania.