Ma-DJ wa kutafsiri, mnaharibu komedi na mnatudhalilisha watu wa Nyanda za Juu Kusini

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Juzi nimepita Mwanjelwa hapa Mbeya kujaziwa flashi, nikamwomba kijana wa library, duka la kukopia muvi, anitafutie Airplane!, komedi ya 1980. Nafika nyumbani, nawasha, kumbe ni ya kutafsiriwa, yaani DJ kaongea Kiswahili chake juu ya sauti ya muvi. DJ anacheka juu ya kila kitu, na daktari wa kwenye ndege kapewa lafudhi ya Kinyakyusa. Yule mama anayepaniki na kupiga kelele kafanywa Mhehe, hausigeli wa Iringa. Kwa kifupi, kila anayeonekana mjinga kwenye ile muvi katokea huku kwetu.

Mimi muvi za kuigiza na kuzikejeli muvi nyingine nazipenda, hata zile za kipuuzi kabisa, za kujamba na kuanguka anguka. Wanaosema ni za watu wasio na akili sikubaliani nao. Scary Movie ya mwaka 2000 ilitengenezwa kwa dola milioni 19 hivi ikaingiza zaidi ya milioni 270, na huku vibanda umiza vilijaa. Tulicheka kwa sababu tulikuwa tumeshaiona Scream, muvi ya kutisha inayokejeliwa humo, ile barakoa nyeupe ilikuwa imeshatutisha kweli. Tulikijua kilichokuwa kinachekwa.

Airplane! ndiyo inaonyesha hii kazi inavyofanywa. Waliotunga walichukua muvi makini ya 1957, Zero Hour!, wakanunua haki zake, wakaacha hadithi na hata maneno mengine yalivyo: marubani wameugua kwa kula samaki, abiria aliyewahi kurusha ndege za vita anaombwa ashike usukani. Daktari wakampa Leslie Nielsen, mtu aliyekuwa amecheza miaka mingi kwenye tamthilia za kawaida, hana historia ya kuchekesha. Anaongea upuuzi mtupu huku uso umekazana kama hakimu. Hacheki hata mara moja! Kuna sehemu abiria wanapanga foleni kumtuliza yule mama aliyepaniki, mmoja anamtingisha, mwingine anamzaba kofi, kamera inasogea unaona foleni ndefu, wengine wameshika silaha. Pale hapahitaji neno. Picha inajitosheleza. Lakini DJ kaijaza kicheko chake na matusi mpaka foleni imepita hujaiona. Sasa umetafsiri nini hapo?

Halafu kuna zile nyingine. Za watunzi Jason Friedberg na Aaron Seltzer: Date Movie 2006, Epic Movie 2007, kisha Meet the Spartans na Disaster Movie, zote 2008. Hizo sizitetei. Kwenye Meet the Spartans mfalme anampiga teke mtu aliyefananishwa na Britney Spears anaingia shimoni, basi, hicho ndicho kichekesho. Wametaja staa aliyekuwa kwenye magazeti mwaka ule wakasubiri watu wacheke. Leo ukimwekea kijana wa Uyole atakuuliza huyo dada kakosa nini. Na kuna wanaoiuza hapa mjini kama mwendelezo wa 300, ile muvi ya vita ya Sparta ambayo Meet the Spartans inaikejeli! Huo ni utapeli.

Ma-DJ wetu wanafanya kosa lile lile la akina Friedberg, ila kwao kuna na dharau juu. Wanaitaja lafudhi, wanasubiri kicheko. Na hata hawaijui. Mtu wa Tukuyu ukimsikilizisha hatambui kama anaigizwa yeye. Unamchomekea tu "ndaga fijo" au "kamwene" askari wa Sparta, tayari umechekesha?

Msinijibu kwamba hatujui utani. Nenda msibani uone mtani anavyomwigiza marehemu: alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakohoa akiombwa hela, alivyokuwa anakwepa mchango wa harusi. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Mtani anaweza kwa sababu kamjua yule mtu kwa undani na alikuwa anampenda. Mtuigize hivyo na sisi! Mtanieni dalali wa parachichi Rungwe, na konda wa Kabwe anayesema gari limejaa huku siti nne ziko wazi, na mwenye gesti ya Makambako. Tutacheka wa kwanza. Lakini mabinti wa Iringa wanaofanya kazi kwenye nyumba za watu mjini wanatukanwa vya kutosha na mabosi wao, hawahitaji na DJ awatukanie kwenye TV ya sebuleni wakiwa wanapiga deki.

Wenye library, andikeni wazi ipi imetafsiriwa na ipi haijaguswa, na muvi iitwe jina lake. Mkiulizwa, semeni ukweli kabla hamjapokea hela. Mimi yangu nimeirudisha, jamaa kanijibu "si Kiswahili hicho, unalalamika nini" na hela hakurudisha.

Mwenye kujua library Mbeya, Iringa au Njombe yenye komedi za zamani zisizotafsiriwa, aitaje hapa chini. Na kama kuna DJ anapita huu uzi, ajibu hapa hapa kwa nini mjinga wa muvi lazima awe Mhehe.