Tupeane uzoefu: muvi za kutisha zilizorudiwa na kopi za wizi tulizozionea

Wakuu, kila nikitaja Psycho ya 1998 narukiwa: mwongozaji Gus Van Sant kainakili ile ya Hitchcock ya 1960 karibu shoti kwa shoti, kaongeza rangi, ya nini? Sawa. Ila wengi wetu ile ya zamani hatukuwa nayo, tuliona kilichokuwemo kwenye flash. Mimi naona nusu ya ubishi wetu juu ya muvi hizi unatokana na kopi. Wewe uliona ipi, na uliipataje?

Wa Mwanza: Halloween ya Rob Zombie, 2007. Nusura tushikane mashati na mshkaji. Yeye anasema yule muuaji, Michael Myers, anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa anahamishwa na minyororo yake. Mimi nimeona wahudumu wanambaka mgonjwa mwingine mle chumbani kwa Michael, ndipo Michael anawageukia. Kumbe kopi ambayo haijakamilika ilivuja mtandaoni kabla muvi haijaingia sinema, na sinemani wakaweka kutoroka kwingine. Kile kipande cha ubakaji kikarudi kwenye DVD ya toleo la mwongozaji. Tumebishana muvi mbili kwa jina moja!

Wa Tandika: Kwetu Evil Dead ya 2013 ilipigwa kibanda umiza, imetafsiriwa. Msichana anajikata mkono kwa kisu cha umeme, mtafsiri anamwaga utani, banda zima kicheko. Nimekuja kuiona peke yangu na sauti yake halisi, taa niliacha inawaka mpaka asubuhi. Mnaosema Sam Raimi kaharibiwa kazi yake ya 1981, yeye mwenyewe ni mmoja wa watayarishaji wa hiyo mpya.

Wa Mombasa: Nyote mwaisahau The Ring, 2002. Mna kanda ya video yenye laana: ukiitazama wafa baada ya siku saba, na dawa ni kuinakili umpe mwengine aitazame. Sasa sisi twaitazama kwenye VCD ya kuchomwa, ikiisha jirani aja kuiazima. Wajapani walitangulia na Ringu 1998, na hiyo yao yatisha zaidi, haina pupa.

Wa Nairobi: Wizi ni wizi, lakini mtaani kwetu hizo za zamani ungezinunua wapi?

Mleta uzi: Swali zuri, nalijibu nikitulia. @Mombasa, hiyo Ringu unayo yenye maandishi yanayoendana na midomo? Yangu yamechelewa, mtu kashafariki ndiyo anasalimia.