Acheni kutuuzia picha za kanga mkiziita "paterni zisizo na mshono"!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Hivi nyie mnaouza paterni za Kiafrika za kuweka nyuma ya tovuti, yaani kipande kimoja cha picha kinachojirudia ukurasa mzima bila kiungo kuonekana, huwa mnazijaribu kabla ya kuuza? Au mkishapiga picha kanga ya mama sebuleni mnakata pembe nne, mnabandika bei, basi?

Nina mteja, dada anayeuza kanga na vitenge Kariakoo. Alitaka tovuti yake ifanane na duka. Nikanunua furushi zima kwa jamaa mmoja wa mtandaoni, hela nikarusha kwa simu, mafaili yakaja. Nikafungua la kwanza mteja akiwa amekaa pembeni yangu. Ukurasa mzima, juu mpaka chini: WEMA HAU WEMA HAU WEMA HAU. Jamaa kaikata kanga ya "Wema hauozi" katikati ya neno! Dada wa watu ananiuliza, "Kaka, hau ndiyo nini?" Nimjibu nini?

Mtu wa huku haelezwi kwamba kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina. Ni nguo iliyokamilika, ina mwanzo na mwisho wake. Ukiirudiarudia nzima, pindo linagongana na pindo na ukurasa unakuwa kama dirisha la nondo. Cha kurudia pale ni mji, tena ule wa vidoti au vimaua vidogo, siyo wenye korosho moja kubwa katikati. Kitenge ndiyo rahisi kabisa, kwa sababu kiwandani kwenyewe kinachapwa kwa kujirudia: unatafuta ua linapoanza upya, unakata hapo hapo. Hata hilo limewashinda.

Na hata waliopatia kukata, picha wamepiga karibu na dirisha. Upande wa kushoto unang'aa, wa kulia una kivuli. Ukikipanga kipande kando ya mwenzake, mwanga unakutana na giza na unapata mistari ukurasa mzima. Mikunjo ya nguo nayo wameiacha. Pasi jamani, pasi!

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Tatizo ni brauza yako." Sasa nisikilize vizuri. Najua kuna kale kamstari kembamba kanakotokea ukikuza ukurasa, au ukiweka ukubwa wa kipande usiogawanyika kwa pikseli kamili. Nililiangalia hilo. Nikaweka kipande kwa ukubwa wake halisi, nikafungua kwenye Firefox, Chrome na simu mbili tofauti. Mstari uko palepale, mnene, na "wema hau" yake.

Kupima hii kitu ni kazi ya dakika moja. Programu ya kuhariri picha ya Photoshop ina Offset, na mwenzake GIMP inayo, tena GIMP ni ya bure. Unasogeza picha kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kingo zote nne zinakuja kukutana katikati. Kama kuna mshono utauona umekaa pale kama msalaba. Unaufuta taratibu kwa brashi ya kunakili, unasogeza tena, unahakiki. Mwenye kuuza bidhaa hawezi kukosa dakika hiyo.

Halafu uzito! Faili moja la JPEG lina megabaiti 6. Mteja wa dada yule anaingia kwa bando la mia tano, anamalizia bando kwenye pambo la nyuma kabla hajaona hata kanga moja ya kununua. Kipande kinachojirudia faida yake ndiyo hiyo: kinapakuliwa kimoja kidogo, kilobaiti chache tu, brauza yenyewe ndiyo inakipanga. Ukinipa mlima wa megabaiti 6 umeniuzia nini?

Rangi siendi mbali. Nyekundu na njano kali nyuma ya maandishi, nani atasoma bei? Angalau mngeweka na toleo lililofifishwa.

Hela yangu naidai na jamaa anajua, uzi huu atausoma. Na kama humu kuna anayetengeneza za kweli, aweke kipande kimoja hapa chini, aandike jina lake juu yake kama anaogopa kuibiwa. Nitakisogeza mwenyewe kwenye GIMP. Kikipita, nanunua leo. Wa "njoo inbox" wapite tu.