"Hamteseki, mama, mnakabiliana nayo" — huyu bwana tumemkosea nini?

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka mkutano wa mtaa hapa Dodoma sasa hivi, vumbi bado liko kooni na vidole vinatetemeka.

Jina sitaji, mnamjua. Yule wa kaunda suti, anayekuja kwenye kila mkutano na chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya kutukoga.

Nimeomba maikrofoni kwa adabu zangu zote. Nikasema, mheshimiwa, tuna shida ya maji, bomba likikohoa linatoa upepo na mita inahesabu huo upepo, tunateseka. Basi, hayo tu. Akafungua chupa, akapiga mafunda mawili, akajifuta midomo kwa leso iliyopigwa pasi, akatabasamu: "Mama, usiseme shida, sema changamoto. Na hamteseki, mama, mnakabiliana nayo."

MNAKABILIANA NAYO!

Mimi ninayekesha uani na ndoo saa tisa usiku kama mlinzi wa benki, kumbe nakabiliana! Vyombo vimelundikana mpaka mende wameanza kudai hati ya kiwanja, navyo vinakabiliana!

Halafu akafunguka: suala hili tunalishughulikia, tunalifanyia kazi, tumelivalia njuga, tumejifunga kibwebwe, tunalitafutia ufumbuzi, tunapambana nalo usiku na mchana. Nilichouliza ni LINI. Watu wakapiga makofi! Wa kwanza mwenyekiti, ambaye Jumapili alikuja kwangu kuazima dumu na hajarudisha.

"Hamteseki, mama." Mbele ya mawifi zangu. Na ile leso yake.

Nawasilisha kabla chaji haijaisha.

Kiti cha Nyuma: Nilikuwepo. Mleta uzi kaficha kitu. Alipoambiwa "mnakabiliana nayo" alijibu "asante sana mheshimiwa" na akapiga goti kidogo.

Binti Mzakwe (mleta uzi): Ni mazoea!! Ukishika maikrofoni asante inatoka yenyewe!

Nyundo ya Chamwino: Pole kwa changamoto dada.

Binti Mzakwe: Toka kwenye uzi wangu.

Ticha Mstaafu: Kwa Kiswahili hajakosea. Kukabili ni kuelekeana na kitu. Dirisha langu linakabili choo cha jirani na choo bado kipo. Kuhimili ni kubeba uzito, kustahimili ni kubeba huku umenyamaza, kumudu ni kuweza. Vya kumaliza jambo ni kutatua na kutanzua, na hivyo hakuvigusa. Hata ufumbuzi kasema wanautafuta tu. Huyo mtu ni fundi, mpeni heshima yake.

Binti Mzakwe: Ticha, nina ndoo tupu hapa, wewe unanipa tahajia?

Ticha Mstaafu: Hiyo si tahajia, ni maana. Tahajia ni

Mlenda Mkavu: Mbukwenyi. Njuga mtuachie. Sisi Wagogo njuga tunafunga miguuni na tunacheza kweli, jasho linatiririka. Huyo kavalia njuga miaka yote hii na mlio hatujausikia.

Zabibu Chungu: Tuseme ukweli. Jiji la Dodoma sensa ya 2012 tulikuwa laki nne na kitu, ya 2022 tumepita laki saba na nusu. Tegemeo kubwa bado ni visima vya Mzakwe kule Makutupora. Mvua yenyewe kwa mwaka haifiki milimita 600, tena ikishaondoka Aprili ndiyo basi mpaka Novemba au Desemba. Serikali ilipohamia kwa kasi kuanzia 2016, watu wamekuja na mabeseni yao. Msimlaumu mtu mmoja.

Nyundo ya Chamwino: Wewe ndiye yeye?

Kiti cha Nyuma: Mheshimiwa karibu jukwaani. Ile chupa ya pili huwa unampa nani?

Zabibu Chungu: Mimi nauza zabibu Hombolo jamani.

Mpangaji Sugu: Nyie angalau mnapewa vitenzi. Mwenye nyumba wangu Ilazo kafunga bomba kwa kufuli, funguo anaitundika shingoni na rozari. Kufua mwisho saa tatu asubuhi. Mgeni akilala, bili ya maji inapanda.

Dada wa Nzuguni: Afadhali. Wangu anahesabu tukivuta choo. Anagonga ukuta!

Mlenda Mkavu: Na kodi wanataka ya miezi sita. Wakisikia tu unafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wanapandisha.

Binti Mzakwe: Jamani turudi kwenye mada, kaniambia hamteseki

Nyundo ya Chamwino: Mpangaji Sugu, huyo wa Ilazo ni mama mnene, geti la bluu?

Mpangaji Sugu: Geti la kijani.

Nyundo ya Chamwino: Basi wako wawili. Wa bluu alinifukuza kwa sababu ya kuku.

Dada wa Nzuguni: Kuku wako au wake? Hadithia.