Mrejesho: Draiva ya Wi-Fi iliyokuwa ikigandisha mashine

Wakuu, niliuliza kwa nini mashine za Linux ofisini kwetu Njiro, Arusha, zinaganda mtandao ukizidiwa. Asanteni sana, hasa uliyeniambia nichunguze namba zinazotoka kwenye fimwea (programu iliyo ndani ya kadi ya Wi-Fi yenyewe). Tatizo lilikuwa huko huko.

Fimwea ilileta ripoti yenye namba ya kifaa 255, na draiva (programu ya Linux inayoendesha kadi hiyo) ikaitumia hivyo hivyo kwenye jedwali lenye nafasi 32 tu. Ikasoma kumbukumbu isiyo yake, kerneli (kiini cha Linux) ikaanguka.

Sasa namba ikifika inageuzwa kwanza mpangilio wa baiti, uwe ule wa mashine (ukihakiki kabla ya hapo ni kazi bure), halafu inalinganishwa na ukubwa wa jedwali. Ikizidi, ripoti inatupwa na onyo linaingia kwenye logi (kumbukumbu za matukio), kwa kiasi, logi isifurike.

Aliyependekeza BUG_ON (amri ya kuisimamisha kerneli kosa likionekana), samahani mkuu, hapo sikubaliani. Ripoti moja mbovu haistahili kumzimia mtu mashine katikati ya kazi. Hata WARN_ON, inayotoa onyo tu, huiangusha mashine iliyowashwa panic_on_warn (mpangilio wa kuanguka kila onyo likitokea).

Mashine hazijaganda tena. Urefu wa pakiti nao nimeuwekea ukaguzi. Imebaki sehemu ya skani (kutafuta mitandao iliyo karibu).