Kuthibitisha vifo vya mbio za magari za kupanda mlima Ulaya, 1897 hadi 1925: nyaraka zipi ziaminike?

JaladaLaKale

Wakuu, habari za kazi. Naandaa orodha ya waliokufa kwenye mbio za magari za kupanda mlima Ulaya, kuanzia ile ya kwanza ya La Turbie (kijiji kilicho juu ya Nice, Ufaransa), Januari 1897, mpaka katikati ya miaka ya 1920. Nataka waingie wote: madereva, mafundi waliokaa pembeni yao, na watazamaji. Hifadhidata za mtandaoni, Motorsport Memorial ikiwemo, zinasaidia kuanzia, ila nyingi zinanakiliana, na kosa likishaingia sehemu moja linasambaa kote.

Nimekwama mambo matatu. Wilhelm Bauer wa Daimler, La Turbie mwaka 1900: huku anaandikwa 30 Machi, kule 31 Machi. Count Eliot Zborowski, La Turbie hiyo hiyo, 1 Aprili 1903: kila anayemtaja anarudia kwamba kishikizo cha mkono wa shati lake kilinasa kwenye wenzo wa mafuta ulioko kwenye usukani. Je, cheti cha kifo kinaweza kumaliza huo ubishi? Na la tatu, mafundi na watazamaji wanatajwa bila majina. Mnawapataje? Kifaransa nasoma vizuri, Kijerumani cha kusukumiza.

---

Rejista06

Mkuu, la Bauer ni jepesi: tarehe zote mbili ni sahihi. Aligonga mwamba tarehe 30 akafariki tarehe 31. Orodha yako iwe na safu mbili tofauti, tarehe ya ajali na tarehe ya kifo, na vivyo hivyo mahali pa ajali na mahali pa kifo. Ukiwa na safu moja tu, kila aliyefia hospitali atakuletea mgongano ambao haupo.

Mahali pa kifo ndipo penye ufunguo, kwa sababu Ufaransa kifo huandikishwa kwenye manispaa alikofia mtu, si alikoishi wala mbio zilikoanzia. Barabara ya Grande Corniche inatoka Nice na kupita maeneo ya manispaa nyingine kabla ya kufika La Turbie. Aliyefia barabarani anaweza kuwa kwenye kitabu cha manispaa ndogo, na aliyebebwa hadi hospitali akawa kwenye kitabu cha Nice. Rejista hizo zimewekwa mtandaoni na hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Alpes-Maritimes. Usianze kufungua ukurasa mmoja mmoja. Anza na faharasa za miaka kumi, zinazoitwa tables décennales. Zimegawanywa 1893–1902 na 1903–1912, kwa hiyo Bauer mtafute kwenye ya kwanza na Zborowski kwenye ya pili. Wengi hukosa majina kwa kufungua faharasa isiyo yake, kisha wanatangaza kwamba kifo hakikuandikishwa.

Zborowski mtafute chini ya herufi zaidi ya moja. Jina lake kamili ni William Eliot Morris Zborowski, mzaliwa wa Marekani, na karani aliyeandikia kinywa cha mashahidi angeweza kumweka kwenye Z, M, E, au hata D kwa ajili ya "de". Alizikwa Burton Lazars, Leicestershire, Uingereza, kwa hiyo kuna rejista ya mazishi ya parokia ya huko ya kulinganishia.

Sasa cheti chenyewe. Hakitakumalizia ubishi wa kishikizo, na hakikuandikwa kwa kazi hiyo. Kifungu cha 85 cha Sheria ya Kiraia ya Ufaransa kinakataza rejista kutaja mazingira ya kifo cha kikatili. Utakuta saa, mahali, umri, kazi, alikozaliwa, wazazi au mwenzi, na majina ya waliotoa taarifa, basi. Chanzo hutakiona. Kwa maana hiyo rejista inakuthibitishia mtu, na gazeti linakuthibitishia tukio. Jina lisiingie kwenye orodha mpaka pande zote mbili zikutane, kwa sababu magazeti ya wakati ule yalikuwa mabovu sana kwenye majina.

Kishikizo kipime kwa kuweka habari za wiki ya kwanza ya Aprili 1903 upande mmoja na masimulizi ya baadaye upande wa pili. Angalia ni lini kinaanza kutajwa, na nani anadai kukiona. Kumbuka mwanawe, Louis, naye alikufa ndani ya Mercedes pale Monza, Oktoba 1924, na tangu hapo simulizi ya baba ilipata nguvu mpya ya kurudiwa. Kwenye safu ya chanzo andika "aligonga mwamba", na kishikizo kipeleke kwenye maelezo pamoja na tarehe ya gazeti la mwanzo kabisa ulilokiona.

---

MkusanyaMagazeti

Naongezea upande wa magazeti, maana tarehe zake zina mitego.

Gazeti la michezo analolikimbilia kila mtu ni L'Auto, na kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, lipo. Ila lilianza 16 Oktoba 1900 likiitwa L'Auto-Vélo, na jina la L'Auto lilikuja Januari 1903. Kwa Bauer halina kitu, lilikuwa halijazaliwa. Mwaka 1900 tafuta Le Vélo na La France Automobile. Pia magazeti ya jioni ya Paris kama Le Temps yaliandikwa tarehe ya kesho yake: toleo la 2 Aprili lilitoka jioni ya tarehe 1. Gazeti la asubuhi lenye tarehe hiyo hiyo ya 2 lilichapwa saa nyingi baadaye. Ukitaka kujua nani alitangulia kusema nini, pangilia kwa saa ya kutoka, si kwa tarehe iliyo juu ya ukurasa.

Watazamaji usiwatafute kurasa za michezo. Nenda kwenye habari ndogo za mji, faits divers, kwenye gazeti la Nice lenyewe. Soma siku kumi mfululizo, kwa sababu wengi hawakufa siku ile ile. Kwa fundi, gazeti litasema tu "son mécanicien", fundi wake. Hapo rudi kwenye rejista: soma vyeti vyote vya siku kumi baada ya ajali, kwenye manispaa ya barabara ile na kwenye mji wenye hospitali, ukitafuta kijana ambaye kazi yake imeandikwa mécanicien au chauffeur. Ni kazi ya macho kweli, ila hao watu walikaa kiti kile kile cha hatari na wanastahili jina. Tahadhari moja tu: ukimpata fundi aliyekufa tarehe inayolingana, bado hujathibitisha. Alikuwa na mwajiri? Waliotoa taarifa ni akina nani? Shahidi akiwa mtu wa kampuni ya magari, umekaribia.

Kuna na majina ya bandia. Emil Jellinek alishindana Nice mwaka 1899 kwa jina la Mercédès, jina la binti yake, na wengine wengi walijificha vivyo hivyo. Jina la kwenye matokeo huenda lisiwepo kwenye rejista yoyote duniani.

---

JaladaLaKale

Shukrani sana wakuu, safu za tarehe nazigawa leo. Vipi upande wa Austria? Nina Otto Hieronimus, aliyekufa Mei 1922 baada ya ajali na gari la Steyr kwenye mlima Ries, Graz. Ni yule yule aliyeshinda La Turbie siku aliyokufa Zborowski?

---

Herufi_za_Gothiki

Ndiye huyo. Alishinda La Turbie 1903 kwa Mercedes, baadaye akawa mbunifu wa magari ya Laurin & Klement na injini za ndege za Hiero. Jina lake mtafute kwa tahajia zote mbili, Hieronimus na Hieronymus.

Austria mambo yamegeuka. Kabla ya 1938 vifo viliandikwa na dini, si serikali, kwa hiyo kwanza ujue marehemu alikuwa wa dhehebu gani. Vitabu vya Wakatoliki vya jimbo la Graz-Seckau viko kwenye Matricula, tovuti ya vitabu vya makanisa. Kitabu cha vifo cha huko kina safu ya ugonjwa na namna ya kufa, Krankheit und Todesart. Kile ambacho Ufaransa inakificha, padri wa Austria alikiandika. Hospitali kubwa zilikuwa na vitabu vyao, kwa hiyo usiishie parokia iliyo karibu na barabara.

Magazeti yapo ANNO, hifadhi ya magazeti ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Austria: Grazer Tagblatt, Grazer Volksblatt, na Allgemeine Automobil-Zeitung kwa upande wa mbio. Tatizo ni herufi za Kijerumani cha kale. Mashine inasoma s ndefu kama f, kwa hiyo "gestürzt", yaani ameanguka, inageuka "geftürzt", na herufi kubwa S, E na G zinachanganywa. Tafuta kwa maumbo yote mawili. Ukikosa, acha kutafuta kwa neno, fungua toleo la siku ile usome kwa macho.

---

Rejista06

Mkuu, kabla hujafika mbali weka mpaka wa orodha yako. Kop Hill, Uingereza, 28 Machi 1925, wengine huiweka kwenye orodha za vifo. Haina kifo: Bugatti ya Francis Giveen ilimgonga mtazamaji ikamvunja mguu. Inajulikana kwa sababu baada yake RAC, klabu ya magari ya Uingereza iliyosimamia mbio, iliacha kuruhusu mashindano ya kasi kwenye barabara za umma. Ukiikuta imehesabiwa kama kifo, ujue orodha hiyo haikusoma magazeti.

Mazoezi nayo yape safu yake. André Boillot alikufa Juni 1932 karibu na La Châtre akijaribu Peugeot kwa ajili ya mbio za kupanda mlima za Ars. Yuko nje ya miaka yako, lakini utakutana na vifo vya aina hiyo kabla ya 1925. Kwa hiyo amua leo kama mazoezi yanahesabika, na safari ya kuteremka baada ya kumaliza je?

Uingereza yenyewe, faharasa ya vifo imepangwa kwa robo ya mwaka kifo kilipoandikishwa, si kilipotokea. Aliyekufa siku za mwisho za Machi anaweza kuwa kwenye robo ya Juni, hasa kama afisa wa uchunguzi wa vifo aliitisha kikao kwanza. Na maelezo ya kikao hicho, mashahidi wakiulizwa mmoja mmoja kuhusu breki, kona na umati, mara nyingi utayapata kwa urefu kwenye gazeti la wilaya la wiki ile.